TAHADHARI: Visu vya "Damascus" vya kuwindia kulungu vinavyouzwa kwenye magrupu yetu

Ndugu zangu mlioko Marekani, hasa mnaojiandaa na msimu wa kulungu: kuna mtu anazunguka kwenye magrupu yetu ya WhatsApp na Facebook akiuza seti ya visu vitatu vya "Damascus", yaani chuma chenye mchoro wa mawimbi, kwa dola 59. Msimtumie hela. Jina la ukurasa wake silitaji maana halitawasaidia, analibadilisha kila akilalamikiwa. Mtambueni kwa maneno yake: mhunzi mzee wa Texas anastaafu, karakana inafungwa, bei ilikuwa dola 299, zimebaki seti chache. Halafu anaibuka "wakala" inboksi, Kiswahili kimenyooka, anakuulizia habari za nyumbani, anakuita ndugu, na anataka ulipe kwa Zelle au Cash App "tuepuke makato".

Mimi kisu ndiyo kazi yangu. Niko kiwanda cha nyama hapa Iowa kama wengi wetu, na msimu ukikaribia watu huniletea visu niwanolee. Ndugu mmoja wa Bukavu akaja na seti hiyo, bado iko ndani ya sanduku. Kwa macho ni kisu hasa: ala ya ngozi, mpini wa mfupa, bapa limejaa mawimbi. Akasema, "Kaka, hiki kitu hakikati hata nyanya."

Nikachukua msasa namba 400 nikasugua kidogo ubavuni. Mawimbi yakatoka na vumbi.

Damascus inayouzwa siku hizi, ikiwa ya kweli, ni vyuma vya aina mbili vilivyopigwa pamoja motoni na kukunjwa mara nyingi, kwa kawaida 1095 na 15N20. Hii ya pili ina nikeli, ndiyo inayobaki inang'aa mhunzi akichovya kisu kwenye tindikali, na ile nyingine inageuka nyeusi. Kwa hiyo mchoro umo ndani ya chuma chote. Ukiusugua unafifia, ukichovya tena unarudi. Na ukikigeuza kisu ukatazama mgongo wake, unaona mistari ikivuka kutoka ubavu huu kwenda ule. Cha huyu bwana kilikuwa na mgongo mtupu. Mchoro ulichapwa ubavuni tu, kulia na kushoto.

Nikaweka tupa kwenye makali, ikang'ata bila shida. Chuma kilichotiwa moto na kuzimwa inavyotakiwa, tupa huteleza juu yake. Visu vizuri vya kuwindia huwa na ugumu wa kama 56 hadi 60 kwa kipimo cha Rockwell. Hiki kilikuwa chuma laini, ukikinoa asubuhi makali yanalala mchana. Mpini nao ulikuwa unacheza. Kwa ruhusa ya mwenyewe nikaupasua. Ndani kumejaa gundi, na katikati kipande cha chuma chembamba kama msumari, kimechomelewa kwenye bapa kwa nukta moja tu.

Sasa kuna watakaosema dola 59 si pesa ya kuliliwa. Mimi nawafikiria mkiwa porini. Kulungu amelala chali, ni Desemba, vidole vimekufa ganzi, glavu zinateleza kwa damu na mafuta. Unapasua kuanzia nyonga kwenda kidarini, makali yametazama juu, vidole viwili vimeikinga ncha isitoboe tumbo wala kibofu. Kisu kikali unakiongoza tu, ngozi inafunguka yenyewe. Kisu butu unakisukuma, na kinachosukumwa kuna wakati kitaruka: kikiingia utumboni, mavi yanamwagika kwenye nyama, kikija upande wako, uko mbali na barabara na simu haishiki mtandao.

Kazi mbaya zaidi inafuata. Ukishakata kiwambo kinachotenga tumbo na kifua, inabidi uzamishe mkono kifuani hadi kwenye kiwiko, ulishike koo juu kabisa, na mkono wa pili uingie na kisu. Hapo huoni kitu, unapapasa. Mpini wa gundi ukiachia wakati huo, bapa limebaki humo ndani pamoja na vidole vyako. Ndiyo maana nimekasirika kuliko bei ya hicho kisu.

Jambo jingine watu hawalifikirii ni usafi. Kuna ugonjwa wa kulungu unaitwa CWD, unamkondesha mnyama mpaka anakufa. Ulionekana mara ya kwanza Colorado mwaka 1967, na hapa Iowa umepatikana kwa kulungu wa porini tangu 2013. Mpaka leo haijathibitika kwamba umemwambukiza mtu, lakini CDC, idara ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, inashauri kuvaa glavu, kutogusa ubongo na uti wa mgongo, na kutokula nyama ya mnyama aliyepimwa akakutwa nao. Kinachousababisha ni prioni, protini iliyoharibika umbo, na prioni haifi kwa maji ya moto ya jikoni. Utafiti wa NIH, taasisi za afya za serikali ya Marekani, wa mwaka 2019 ulionyesha kwamba dawa ya kufulia, ile bleach, ikichanganywa hadi asilimia 40, kwa dakika tano inaiangamiza iliyoko juu ya chuma kisichoshika kutu. Ndani ya nyama haifiki. Haya, chovya humo mpini wa mfupa wenye nyufa zilizonyonya damu uone utabaki na nini.

Kwa sababu hiyo hata Damascus halali nisingeenda nayo porini. Tangu mhunzi Bill Moran aitoe hadharani mwaka 1973 na kuifufua kwa wahunzi wa Marekani, imekuwa kisu cha mtu anayependa uhunzi, na ya fundi mwenye jina huanzia mamia ya dola. Inashika kutu na inataka kupakwa mafuta kila mara. Na sisemi kila kitokacho nje ni feki. Wazirabad, Pakistani, wako mafundi wa visu wa kurithishana, na wapo wanaouza kazi yao kwa jina lao bila kumzulia mzee wa Texas.

Mkitaka kisu cha kulungu, tafuteni bapa la inchi tatu hadi nne, lisilojikunja kuingia mpinini, ncha yake inashuka taratibu kutoka mgongoni. Hayo mapanga ya sinema yanafaa kukata matawi. Mpini uwe wa mpira au plastiki, na ukiwa wa rangi ya machungwa ni bora zaidi, maana kisu ukikilaza kwenye majani makavu jioni utakitafuta mpaka ukate tamaa. Morakniv Companion ya Sweden, ile isiyoshika kutu, haifiki dola 30 na inamaliza kazi yote ya porini. Nyumbani kwa kutoa mifupa, Victorinox ya inchi sita, hiyohiyo tunayoshika kiwandani. Vile vya kubadilisha wembe, kama Havalon, vinakata ajabu, ila usivizungushe kwenye kiungo: wembe unakatika na kipande kinabaki kwenye nyama watakayokula watoto.

Ukitaka kununua kwa mtu mtandaoni, mwombe picha mbili: mgongo wa kisu na kitako cha mpini, pembeni kuwe na karatasi yenye tarehe ya leo. Huyu wetu hawezi. Anatuma video tu, nazo ameziiba, maana kurasa zake zote zina kidole gumba kilekile chenye kucha nyeusi.

Waliokwisha kulipa: kama ulitumia kadi ya mkopo, sheria inakupa siku 60 tangu utumiwe taarifa ya kadi yenye malipo hayo, kuyapinga kwa maandishi. Usingoje akubembeleze. Kama hakutaja tarehe ya kutuma mzigo, kanuni ya FTC, idara ya Marekani inayolinda wanunuzi, inamtaka autume ndani ya siku 30. Wengine wametumiwa namba ya mzigo inayoonyesha umefika mjini kwao huku wao hawajaona kitu. Nendeni posta mkaombe anwani au uthibitisho kwamba haukuletwa kwenu. Kwa Zelle au PayPal ya "marafiki na familia" ulinzi wa mnunuzi hakuna, lakini bado piga simu benki siku hiyohiyo, kisha toa taarifa reportfraud.ftc.gov na ic3.gov ya FBI. Na mazungumzo yake usiyafute hata kama yanakuchefua, benki watayataka.