Fundi wa Ipogolo aliyeuliza kwanza kabla ya kushika spana

Hilux yangu ni ya 2009, petroli, cc 2,700, silinda nne. Nilinunua mkononi kwa mtu, si yadi, na mwaka wa kwanza haikunidai zaidi ya oili na tairi mbili. Kazi yake ni kubeba vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni kuvileta Iringa. Anayeijua njia hiyo anajua kwamba katikati kuna mlima Kitonga, na Kitonga haimfichii mtu siri ya injini yake.

Mwezi wa nne siri ikatoka. Nina gunia nane nyuma, nimeshazipita kona za mwanzo, gari likaanza kukohoa. Nguvu zikakata, usukani ukatetemeka, malori ya nyuma yangu yakaanza honi. Nikaachia mafuta, nikakanyaga tena taratibu, likatulia. Kufika Ilula linavuta kama si lenyewe. Nikasingizia mafuta machafu. Safari iliyofuata, mlima ule ule, kikohozi kile kile.

Misi, yaani silinda kukosa kuwaka, ikiwa ya kudumu ina nafuu, maana fundi anaisikia kwa masikio yake. Hii ya kuja na kuondoka ndiyo inayomaliza hela. Ukifika gereji gari limenyamaza kama mtoto aliyeletwa kwa mwalimu mkuu, na fundi haoni raha kukwambia hajaona kitu. Basi anakuuzia kitu. Wa kwanza alibadilisha plagi zote nne, 120,000. Tena akaniongezea koili moja, ile inayoipa plagi umeme, ya 90,000. Wa pili alisafisha nozeli zinazomwaga mafuta kwenye silinda, kwa 40,000. Wa tatu akaapa ni pampu ya mafuta, 180,000. Jumla 430,000, na Kitonga likakohoa kama kawaida. Wote watatu walichomeka mashine ya kupimia, wakasoma kosa lililowasha taa ya injini, wakalifuta, wakaniambia "mama, tumeshaondoa tatizo." Walichoondoa ni taa.

Huyu ninayemwandikia leo yuko Ipogolo, kule chini barabara kuu inakopita. Gereji yake haina kibao. Ni uwanja wenye mti mmoja, kontena la bluu na benchi la ubao ambalo msumari wake nimeshakutana nao. Nilipofika nikamwamkia "kamwene," akaitikia huku anafuta mikono, na badala ya kufungua boneti akaanza kunihoji. Linakohoa likiwa la baridi au limeshachemka? Na mzigo au tupu? Likiwa sailensa, yaani linaunguruma bila kukanyagwa mafuta, je? Ukiachia mafuta linapona hapo hapo au baada ya muda? Likinyeshewa linazidi? Majibu anayaandika kwenye kipande cha boksi kwa kalamu ya mkaa. Nusu ya maswali sikuwa na jibu, nikaona aibu, maana gari ninaliendesha mimi.

Kisha akanifukuza. Hivyo ndivyo nilivyolichukulia siku ile. Akasema, "Mama, nenda kachukue mzigo wako kama kawaida. Likikohoa, taa ikiwaka, usimruhusu mtu yeyote aifute. Niletee hivyo hivyo." Nilikasirika. Nimekuja na gari bovu narudishwa nalo barabarani? Lakini nilienda, likakohoa, taa ikawaka, nikamletea.

Mashine yake si ya ajabu, ni kama ya wale watatu. Ikatoa namba ya kosa, P0303, na tarakimu ile ya mwisho ndiyo silinda: ya tatu. Ingekuwa P0300, akaniambia, misi ingekuwa haichagui silinda, naye angeanza kutafuta mambo yanayozigusa silinda zote, kama mafuta au hewa inayovuja. Halafu akafungua ukurasa ambao wenzake hawakuwahi kunionyesha. Kompyuta ya gari, ikiandika kosa, huhifadhi na hali ya gari wakati ule. Nikaiona Kitonga yangu kwenye kioo kidogo: spidi kilomita 31, mizunguko 2,900, maji nyuzi 92, injini imebebeshwa mzigo mkubwa. Ukifuta kosa, na hiyo picha inakwenda.

Akahamisha. Koili ya silinda ya tatu akaipeleka ya kwanza, plagi ya tatu akaipeleka ya pili. Hakuuza chochote. Kama ubovu uko kwenye koili, misi itahamia ya kwanza; kama ni plagi, itahamia ya pili. Tukapakia mawe nyuma, tukapanda ule mlima wa kuingia mjini, tukashuka, tukapanda tena. Mara ya pili likakohoa. Tukasoma: bado ya tatu. Kwa hiyo koili niliyonunua haikuwa na kazi, na ile iliyotolewa haikuwa na kosa. Akapima na kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, zote zikakaribiana. Hapo nilikaa kwenye benchi, msumari na yote.

Kilichofuata ningekilipia kiingilio. Alichomoa waya wa nozeli ya tatu, akachomeka pale kitaa kidogo cha kupimia, injini ikawa inaunguruma kwa silinda tatu zilizobaki na kitaa kinapepesa. Maana yake kompyuta inaiamuru nozeli, na amri inafika. Akautikisa waya kwa mpini wa bisibisi, kitaa kikaendelea kupepesa. Akaweka mawe kwenye matairi, handbreki juu, kijana wake ndani na mguu kwenye breki, gia ya kwanza, aachie klachi kidogo tu. Injini ikalala upande kama mtu anayesukuma mkokoteni. Kitaa kikazima. Klachi ikakanyagwa, injini ikarudi, kitaa kikawaka. Akairudia mara tatu ili nione.

Raba ya maunting, kile kikalio kinachoishikilia injini, ilikuwa imekwisha, kwa hiyo injini ikikaza inalala kuliko inavyopaswa. Na mtu fulani, kabla yangu, aliufunga mkanda wa nyaya za nozeli kwa tai ya plastiki, akaufupisha. Kila ninapopanda na mzigo waya ule unavutwa. Shaba ndani ilikuwa imekatika, gamba la nje zima kabisa. Tambarare ncha zinagusana, mlimani zinaachana. Nozeli haimwagi, silinda ya tatu inakosa mafuta, gari linakohoa.

Alikata kipande kile, akaunga waya mpya kwa risasi, akauachia ulegevu. Kupima alinitoza 20,000, waya 15,000, kufunga maunting 10,000. Maunting yenyewe nilinunua mwenyewe dukani, 60,000.

Sasa kero zake, maana zipo. Kazi ilichukua siku nne, mbili zikiwa za mvua, kwa sababu hana paa na injini ya mtu haifungui kwenye matone. Simu hapokei akiwa chini ya gari, na yuko chini ya gari siku nzima. Jumamosi hafungui, ni Msabato. Risiti hatoi, na hilo nilimwambia usoni, maana mimi vitunguu vyangu navitunzia hesabu. Ukienda na pampu ya dizeli atakuelekeza kwa mwingine bila hata kuiangalia. Na anafoka: kijana wake alipoacha spana juu ya betri nilimhurumia kijana.

Tangu siku ile nimepanda Kitonga mara kumi na moja, mbili kwenye mvua, na taa haijawaka. Ile koili ya zamani nilitaka kuitupa kwenye pipa lake la chuma chakavu. Akaitoa, akaifuta kwa kitambaa, akaniwekea chini ya kiti cha abiria. "Nzima hii, mama. Siku moja utanishukuru."