Vifaranga Chotara Dodoma: Wapi pa Kununua, na Utajuaje Mbegu Yao

Kifaranga wa njano anaweza kuwa broila (kuku wa nyama), jogoo wa leya (kuku wa mayai), Kuroiler au chotara wa mashine ya kutotolesha ya mtaani. Kwa hiyo hatukupanga chaguo hizi kwa rangi wala kwa bei. Tumezipanga kwa uhakika wa kupata mbegu uliyolipia, kwa mfugaji anayetaka kuku wa nyama na mayai wa kufuga nusu huria.

Nafasi ya kwanza: wa mwezi mmoja, kwa mlezi mwenye risiti ya kiwanda

Kwa anayenunua vifaranga chini ya mia moja, hapa ndipo pa kuweka pesa. Bei iko juu, lakini wiki za hatari zimepita (usiku wa Dodoma mwezi Juni na Julai huua vifaranga wengi wa bruda (chumba cha kulelea vifaranga kwa joto) yenye joto hafifu) na mbegu imeanza kujionesha. Sasso au Kuroiler (machotara wa kiwandani) aliyelishwa vizuri hufikia kama mara mbili ya uzito wa kienyeji wa umri huohuo.

Hapo ndipo udanganyifu wa umri unapoingia: kienyeji wa wiki nane huuzwa kama chotara wa wiki nne. Tazama kichwa na shingo. Manyoya kamili huchelewa kufika huko, hivyo kifaranga wa wiki nne bado ana malaika (manyoya laini ya utotoni) kichwani. Kichwa kikiwa kimefunikwa vizuri, umri umepunguzwa mdomoni mwa muuzaji. Uliza pia tarehe za chanjo: kideri siku ya 7, Gumboro siku ya 14, kideri tena wiki ya tatu au ya nne.

Nafasi ya pili: wa siku moja, kupitia wakala wa kiwanda

Mwenye bruda ya nyuzi 32 hadi 35 aanzie hapa. Boksi la 100 huwa na vyumba vinne vya 25, na lebo inapaswa kuonesha mbegu na tarehe ya kutotolewa. Pima vifaranga kumi kwa pamoja kwenye mzani wa jikoni: wa kiwandani huwa gramu 350 hadi 400. Wakija 280, wametoka kwenye mayai madogo, kwa sababu kifaranga huwa takriban theluthi mbili ya uzito wa yai lake. Hayo ni mayai ya kienyeji au ya matetea walioanza kutaga juzi.

Sasso wengi ni wekundu wa kahawia. Kuroiler, mbegu ya India, huja rangi nyingi ndani ya boksi moja: weusi, wenye mistari, wa njano, wa kahawia. Boksi la "Kuroiler" lenye njano tupu linastahili maswali.

Nafasi ya tatu: mtotoleshaji wa mtaani

Bei nzuri, ila usilipe kabla hujaona wazazi. Mayai ya chotara aliyepandwa na chotara mwenzake hutoa watoto waliotawanyika: mmoja mkubwa, watatu wa wastani, mwingine kama kienyeji. Hata muuzaji mwaminifu hawezi kukuahidi uzito wao.

Dalili chache husomeka siku ya kwanza. Shingo tupu ni ya kuaminika: mzazi mmoja wa kishingo anatosha kuipitisha, na wenye urithi wa upande mmoja hubaki na kishada cha manyoya mbele ya shingo. Lakini kishingo si cheti cha ukienyeji, maana hata SASSO ya Ufaransa ina mbegu za namna hiyo. Manyoya miguuni nayo huonekana mapema. Upanga wa kichwani ulio mmoja wenye meno hutofautiana na ule mfupi wa vinundu ambao Kuchi (kienyeji mrefu wa kupigana) huwa nao. Kifaranga mweusi mwenye tumbo jeupe ni kawaida ya Australorp, yule tunayemwita kuku wa Malawi, na weupe huo huondoka manyoya yakiota. Mistari mgongoni haithibitishi chochote. Kienyeji na chotara wote wanayo.

Jinsia? Mbinu ya kutazama urefu wa manyoya ya bawa hufanya kazi kwa koo zilizotengenezwa kwa ajili hiyo tu. Kwa mchanganyiko ni kubahatisha. Isipokuwa ujue mama ni wa madoa ya mistari (kanga-kanga) na jogoo si wa hivyo: hapo wenye doa jeupe kichwani ni majogoo.

Nafasi ya nne: boksi la mchanganyiko mnadani

Kwenye mnada wa Msalato, Dodoma, siku ya Jumamosi utawakuta, na bei inavutia. Tatizo kubwa ni majogoo wa leya. Kwa leya wa kahawia, majike hutoka kahawia na madume hutoka njano hafifu, hivyo madume yasiyotakiwa huuzwa kama broila. Wapime siku ya saba: broila aliyekula vizuri huzidi gramu 150, jogoo wa leya hafiki 100. Ukigundua hapo, punguza hasara: waachishe chakula cha broila, kwa sababu hawatakurudishia gharama yake, na uwalee kama kienyeji.

Wakiwa na mama yao mzazi, hesabu inabadilika kidogo: angalau upande mmoja wa ukoo unauona.