Drafti ya NFL: Kumfuata kwotabeki au kuuza nafasi?

Timu iliyofanya vibaya msimu uliopita hupata nafasi ya mbele kwenye drafti ya NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani; drafti ndiyo zoezi la timu kuchagua wachezaji wapya kwa zamu. Imchukue kwotabeki, yule anayerusha mipira na kuongoza mashambulizi, au iiuze nafasi hiyo ipate nyingine kadhaa?

Kumfuata kwotabeki kunalipa ukimpata mwenyewe hasa. Mwaka 2017 Kansas City walipanda kutoka nafasi ya 27 hadi ya 10 kumchukua Patrick Mahomes, na tayari amewapa mataji matatu ya Super Bowl, yaani fainali ya ligi. Ila kwenye drafti hiyohiyo Chicago walitangulia, wakapanda hadi nafasi ya 2 na kumchagua Mitchell Trubisky huku Mahomes akiwa bado hajachukuliwa. Inauma hadi leo.

Kuuza nako kuna utamu wake. Mwaka 2023 Chicago haohao waliwauzia Carolina nafasi ya 1. Wakapata nafasi ya 9 na ya 61, ya raundi ya kwanza 2024, ya raundi ya pili 2025, na DJ Moore, mpokeaji wa mipira inayorushwa na kwotabeki, juu yake. Carolina wakamchukua kwotabeki Bryce Young, wakashinda mechi 2 tu kati ya 17, na ile nafasi ya 2024 ikageuka kuwa ya kwanza kabisa: Chicago wakamchagua kwotabeki Caleb Williams.

Mimi ningeuza, hasa kama safu ya walinzi wa kwotabeki bado imechoka. Kijana anayeangushwa chini kila wiki hajifunzi kitu.