Ruta ya ubao mmoja na moduli ya faiba: tundu linakubali, umeme hautoshi

Ruta hii ya ubao mmoja, yaani yenye sehemu zake zote kwenye ubao mmoja wa saketi, niliinunua Mwanjelwa, jijini Mbeya, kwa ajili ya ofisi yetu ya stesheneri na intaneti iliyoko Uyole. Nilivutiwa na tundu lake la SFP, yaani la kuchomeka moduli, kifaa kidogo kinachopokea waya wa faiba, kwa kuwa nilitaka kuondoa kisanduku cha faiba na adapta yake, waya wa faiba uingie kwenye ruta moja kwa moja. "Mama, tundu ni hilo hilo, moduli yoyote inakubali," aliniambia muuzaji. Moduli ya GPON, aina ya mtandao wa faiba ambapo waya mmoja wa mtoa huduma hugawanywa kwa wateja wengi, iliingia na kushika mtandao, lakini kila baada ya dakika chache ilizima na kuanza upya, huku wateja wakiwa katikati ya kujaza fomu zao.

Tundu la SFP huilisha moduli kwa volti 3.3, na matumizi yamepangwa kwa ngazi, ya kwanza ikiwa wati 1 na ya pili wati 1.5. Moduli ya kawaida, ambayo hugeuza tu umeme kuwa mwanga na mwanga kuwa umeme, kwa kawaida huridhika na wati 1. Ya GPON ina kichakataji na programu yake ndani, na karatasi ya hii yangu inataja wati 2.5. Fundi alipopima kwa multimita, volti zilishuka hadi 3.05 mzigo ulipozidi, ilhali kiwango cha chini kinachokubalika ni takriban 3.14. Tulibadilisha adapta tukaweka yenye ampea nyingi zaidi, bila mafanikio, kwa sababu kinachobana ni kidhibiti cha volti kilichopo kwenye ubao wenyewe. Moduli nayo ilichemka kiasi kwamba, hata asubuhi ya Julai ambapo Uyole nzima imevaa makoti, sikuweza kuishika.

Kwa kazi nyingine ubao huu ni mzuri, na ninausifu kwa dhati. Kosa ambalo siwezi kulinyamazia ni kwamba hakuna mahali popote, kwenye boksi wala kwenye kijitabu, palipoandikwa tundu linatoa wati ngapi, na mnunuzi hana njia ya kulijua hilo kabla ya kulipa.

Duka liliipokea moduli bila ugomvi na kunipa ya kawaida ya nanomita 1310 (urefu wa wimbi la mwanga wake). Kisanduku cha faiba kimerudi mezani na adapta yake, na tundu la ruta sasa linaunganisha ofisi na chumba cha mafunzo ng'ambo ya barabara. Hii ni wiki ya tatu, na mtandao haujakatika.