Debian 12 yenye diski iliyosimbwa: miezi minne nayo Bukavu

Mwaka jana mashine yangu iliibwa ndani ya basi, kati ya Kadutu na Nyawera. Ilikuwa na neno la siri la kuingilia, lakini neno hilo halizuii kitu: mwizi akichomoa diski na kuichomeka kwenye kompyuta nyingine, anasoma yote. Na humo mlikuwa sauti za akina mama niliowahoji, mambo ambayo wengine hawajawaambia hata ndugu zao. Iliniuma sana.

Ndiyo maana ThinkPad ya okazi niliyonunua baadaye nimeiwekea Debian 12, mfumo endeshi wa familia ya Linux, diski ya mfumo ikiwa imesimbwa (yaani haisomeki bila neno la siri) kwa LUKS, zana ya Linux ya kusimba diski.

Kusakinisha si kazi ngumu. Kwenye kugawa diski unachagua njia ya kuongozwa, diski nzima, LVM (njia ya Linux ya kugawa nafasi ya diski) iliyosimbwa. Kinachochosha ni kisakinishi kuijaza diski data za ovyo kabla ya kuendelea. Yangu ni ya kuzunguka, GB 500. Umeme ulikatika katikati, bateri ikaisha, nikaanza upya usiku. Hatua hiyo inaweza kurukwa, lakini diski ilikuwa na mafaili ya mtu wa kwanza, nikaiacha imalize.

Sasa kibodi, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Mashine zetu nyingi ni AZERTY, kibodi ya Kifaransa, ambayo baadhi ya herufi zake hazikai mahali pamoja na za kibodi ya Marekani. Mimi nilisakinisha kwa Kiingereza, na kwenye swali la kibodi nikabonyeza Enter tu, ikabaki ya Marekani. Neno la siri linaonekana vitone vitupu, kwa hiyo sikujua kwamba kila A yangu imeingia kama Q, na M imeingia kama nuktamkato. Kila siku lilikubali. Baadaye nikarekebisha kibodi iwe ya Kifaransa, keneli (kiini cha mfumo) ikasasishwa, kibodi mpya ikaingia hata pale panapoulizwa neno la siri, na asubuhi yake neno likakataliwa. Mara tatu. Mikono ilitetemeka, maana LUKS haina mlango wa nyuma. Saa nzima ilipita ndipo nikaelewa, nikabonyeza Q penye A, nuktamkato penye M, ikafunguka. Kisakinishi kina kisanduku cha kuonyesha neno la siri waziwazi: kitieni alama.

Kuhusu kasi sioni tofauti, isipokuwa sekunde chache za kusubiri baada ya neno la siri. Kufunga kifuniko tu hakutoshi, kwa sababu ufunguo unabaki kwenye kumbukumbu. Kabla ya kupanda basi naizima kabisa. Nakala ya kichwa cha LUKS (sehemu ya mwanzo ya diski inayohifadhi funguo) iko kwenye fleshi kwa dada yangu, Bagira, kwa sababu kichwa kikiharibika hata neno sahihi halifungui.

Mwezi uliopita nilirudi kwa mmoja wa wale akina mama, nikamweleza yote, wizi pia. Akauliza, “Na hii wakiiba, mwanangu?” Nikaizima, nikaiwasha, nikamsogezea. Akabonyeza herufi alizotaka, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ikakataa. Akanirudishia, akavuta kiti karibu.