Uzoefu wangu: fundi wa magobore Mtwara, mikono ya dhahabu, grenda ya shetani

Nyota moja. Na hiyo moja ni kwa ajili ya springi tu, tutafika huko.

Nina gobore la gumegume, lile la kuwashwa kwa jiwe, siyo haya ya fataki ambayo wengi mmeyaona. Limetoka kwa mjomba kule Newala, na kwetu Wamakonde cha mjomba ni amana, hukichezei. Leseni ipo, kwa hiyo wale wa "peleka polisi" mpumzike. Springi ya nyundo ilikuwa imekatika, na kutu imekula kila mahali. Nikaelekezwa kwa fundi mmoja pale mjini, mwenye kibali cha kutengeneza silaha. Ulikuwa msimu wa korosho, hela ipo, nikaenda.

Nilimwomba jambo moja. Moja! Ubavuni mwa mtutu, upande wa kushoto, karibu na tundu la moto (linalopitisha moto kwenda kwenye baruti), pana alama. Usiiguse, mzee wangu. Akaitikia "haya, haya", huku anaongea na simu.

Niwaeleze ninyi, maana yeye hakutaka kuelezwa. Kwenye bamba la mtambo, lile la chuma ubavuni linaloshika nyundo na springi, limeandikwa TOWER, na juu yake taji. Asiyejua atasema la Mwingereza, kwisha habari. Wapi! Mafundi wa Liège, Ubelgiji, walitengeneza magobore ya kuuza Afrika wakayapiga mhuri wa Kiingereza kwa sababu ndio uliokuwa unauzika. Ukitaka ukweli uangalie mtutu: herufi E, L na G, na kinyota chini yake, ndani ya duara lenye umbo la yai, alama ya ukaguzi ya Liège. Langu lilikuwa nayo. Nimeipapasa tangu mtoto bila kujua ni kitu gani. Sasa, mwaka 1893 Wabelgiji waliongeza taji juu ya hilo yai. Yai tupu, mtutu ulikaguliwa kabla ya hapo; yai lenye taji, baada ya hapo. Na juu ya yai langu ndipo kutu ilipokuwa imeganda. Nilichotaka ni mafuta, kitambaa na subira, nione kama taji lipo au halipo.

Msiseme ni udadisi wa kitoto. Nyumbani wanaapa kwamba gobore hili lilikuwapo tayari wakati Machemba, chifu wa Wayao, anamkatalia Wissmann, kamanda wa Wajerumani, 1890. Mimi nina wasiwasi. Mkataba wa Brussels wa mwaka huo huo ulibana bunduki za kisasa zisiingie Afrika, lakini ukaacha mwanya kwa magobore ya gumegume na baruti ya kawaida, kwa hiyo hata lililoletwa miaka kadhaa baadaye, karibu na Maji Maji, lingeweza kuwa la jiwe vilevile. Taji likiwapo, hadithi ya ukoo imekufa. Lisipokuwapo, wazee wangu wana haki ya kutamba. Jibu lilikuwa chini ya kutu, upana wa ukucha!

Narudi kulichukua, linang'aa kama sufuria ya sikukuu. Amepitisha grenda yenye brashi ya waya, halafu msasa juu yake. Nikaligeuza upande wa kushoto. Umebaki mkunjo wa chini wa yai pamoja na kinyota chake. Labda ndiyo hiyo nyota niliyompa hapo juu. Kwingine kote chuma kitupu, unaona mikwaruzo ya waya tu.

"Mzee, nilikuomba nini?"

Hata uso hakuinua. "Bwana mdogo, umeniletea kutu, nimeitoa kutu. Unataka nikurudishie?"

Vijana wake wakacheka. Mmoja akauliza kama herufi hizo ni za kampuni ya simu. Nilitetemeka, wallahi. Nimeshahudumiwa vibaya mji huu, nimeshapigwa kalenda na mafundi seremala mpaka harusi ikapita, lakini kuchekwa juu ya mali ya mjomba, hapana.

Halafu akanifanyia jambo ambalo bado linanikera, kwa sababu lilinipoza. Alikata kipande cha ngozi kwenye kandambili kuukuu, akakizungushia jiwe, akalibana kwenye meno ya nyundo, akavuta. Hatua ya kwanza, ile ya usalama, ikashika ka! Hatua ya pili, ka! Akaachia. Cheche zikamwagika ndani ya kisahani cha baruti, nyingi, nyeupe, mchana kweupe. Ile springi ameichonga kutoka springi ya gari, akaichoma, akaizima kwenye oili chafu. Skrubu za zamani vile amezitoa zote na hakuna hata moja iliyochubuka kichwa. Ninyi mliowahi kujaribu mnajua hiyo ni kazi ya namna gani. Pale pale nikasema moyoni: nyota nne, liwalo na liwe.

Nikiwa nalipa, akaongeza ushauri wa bure: "Shindilia baruti pima mbili, risasi itavuka Ruvuma." Pima mbili! Kwenye mtutu mkongwe, uliotafunwa na kutu kisha yeye mwenyewe akaupunguza kwa grenda, na shavu la anayepiga liko shubiri chache kutoka kwenye tundu la moto! Mjomba enzi zake alifukuza nguruwe shambani kwa hili gobore na hakuwahi kushindilia hivyo. Nyota zikarudi pale pale. Mimi hata pima moja siweki.

Binamu yangu ana la fataki ambalo nyundo haishiki, ananiuliza apeleke wapi. Nimemwambia apeleke kwa huyo huyo, kwa springi simjui mwingine. Ila afungue skrubu za ubavuni, atoe mtambo, apeleke huo peke yake kwenye mfuko. Mtutu ubaki Newala. Haya, andikeni nyota mbili.