Maneno ambatani ya Kiholanzi: ufuate mkato au mkazo?
Chukua kwartslagen. Ukikata kwart-slagen, ni mizunguko ya robo. Ukikata kwarts-lagen, ni matabaka ya madini ya kwatsi. Mkazo hausaidii hapo, maana huangukia silabi ya kwanza vilevile.

Massagebed ni kinyume chake. Silabi ni zilezile, mas-sa-ge-bed, lakini mkazo mkuu ukiwa kwenye sa ni kitanda cha masaji. Ukiwa kwenye mas ni sala ya umati, na g inatokea kooni.

Kwa Mswahili anayejifunza, ningeshika mkazo kwanza. Ulimi wetu umezoea silabi ya pili kutoka mwisho, ilhali Kiholanzi kwa kawaida hukazia sehemu ya kwanza ya neno ambatani. Stadhuis, yaani jumba la manispaa, halifuati hilo: hukaziwa huis.